Aliyeko Nje Ana Hela, na Hadithi Nyingine za Barazani Kyela

Basi la kutoka Dar es Salaam hukuteremsha Kyela na kilomita zaidi ya 900 mgongoni, na kabla hujanawa uso maswali yameshaanza. Umeleta nini? Wanakulipa ngapi? Utarudi lini moja kwa moja? Mimi nafanya kazi ya ofisini Ujerumani. Kwetu ni kando ya barabara iendayo Itungi, ambako mkakao huota chini ya kivuli cha mgomba, na ni kazi kupata nyumba isiyo na mtu wake "aliye nje".

Barazani jioni kuna hadithi nyingi kuhusu sisi tulioondoka. Bila shaka nawe umezisikia, uwe Kyela, Tukuyu au Mbeya mjini, na huenda umezisimulia mwenyewe. Likizo hii niliamua kuzipima moja baada ya nyingine. Nyingine zilianguka mara moja, nyingine zilisimama kwa mguu mmoja, na mbili za wazee zikanishinda kabisa.

"Aliyeko nje ana hela."

Si kweli, kwa jinsi inavyosemwa. Anashika fedha nyingi, lakini kushika na kuwa nazo ni mambo mawili.

Tuanze na hesabu ya Ujerumani yenyewe. Mwanafunzi anayetoka nchi kama yetu hapati viza mpaka aonyeshe kwamba ataweza kujikimu. Tangu Septemba 2024 kiasi kinachotakiwa ni yuro 11,904 kwa mwaka, na fedha hizo hufungiwa kwenye akaunti maalumu inayomtolea yuro 992 kila mwezi. Kwa viwango vya kubadilisha fedha vya miaka hii, hiyo ni karibu shilingi milioni 3. Mtu wa Ipinda akisikia milioni 3 kwa mwezi anaona nyumba imeezekwa bati. Mwanafunzi aliyeko Leipzig anaona chumba, chakula, bima ya afya na nauli ya treni, kisha mwezi umekwisha.

Mwenye ajira naye hupata zaidi, ila mshahara wa Mjerumani mseja wa kipato cha kati hukatwa zaidi ya theluthi moja kabla haujamfikia: kodi, pensheni, bima ya afya, bima ya kukosa kazi. Uingereza nako, tangu Februari 2024, mhamiaji mtu mzima hulipia huduma ya afya pauni 1,035 kwa kila mwaka wa viza yake, na hulipa miaka yote kwa mkupuo siku anayoomba. Viza ya miaka mitatu ni pauni 3,105 hata kabla ya kununua tiketi ya ndege. Wauguzi na wengine wenye viza ya kazi za afya wamesamehewa, lakini mhasibu na fundi wa kompyuta hawakusamehewa.

Halafu kuna njia ya kupitishia fedha. Benki ya Dunia imekuwa ikipima gharama hizi kwa miaka mingi, na Afrika kusini mwa Sahara ndiko kunakogharimu zaidi duniani kutuma fedha. Kutuma dola 200 hula wastani wa karibu asilimia 8, yaani dola 16 hivi. Shabaha ya Umoja wa Mataifa ni kushuka chini ya asilimia 3 ifikapo 2030. Kutuma kwa simu mara nyingi ni nafuu kuliko kwenda dirishani, kwa hiyo ukiwa na mtu wako nje, kubalianeni njia kabla ya kukubaliana kiasi.

Na kuna jambo ambalo baraza husahau upesi. Mwaka 2024 bei ya kakao katika soko la dunia ilivuka dola 10,000 kwa tani. Mwaka huo aliyebaki Kyela na miti iliyotunzwa vizuri alikuwa na la kusema mbele ya mjomba wa London. Bei ilishuka baadaye, kama ilivyo desturi ya mazao, lakini somo la msimu ule lilibaki vichwani mwa wengi.

Lawama nyingine naitupa kwetu sisi tulio nje. Tunatuma picha mbele ya magari ya watu, hatutumi picha ya hati ya mshahara. Mwaka juzi nilimsomea mama makato yangu kwenye simu, mstari kwa mstari, kodi ya nyumba ikiwemo. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama nakula. Tangu siku hiyo hatujagombana tena kuhusu fedha.

"Vijana wa siku hizi ndio wa kwanza kukimbia nyumbani."

Si kweli, na hapa historia ya Unyakyusa ni shahidi mkubwa.

Kati ya 1934 na 1938, Godfrey na Monica Wilson waliishi miongoni mwa Wanyakyusa wakiandika walichokiona. Kitabu cha Monica cha 1951, *Good Company*, kinaeleza vijiji vya rika: mvulana wa miaka kumi au kumi na moja aliondoka nyumbani kwa baba yake, akajenga vibanda na wenzake wa umri ule, na kijiji chao kikakua pamoja nao mpaka wakaoa na kuzeeka humo. Chakula walirudi kula kwa mama zao, wakienda kundi zima, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Kwa hiyo kuondoka kwa baba kulikuwa sehemu ya malezi, na kurudi kula kwa mama kulikuwa sehemu ya malezi vilevile. Nikifungua friji Ujerumani na kukuta usipa aliounga mama, huwakumbuka watoto wale.

Kisha ikaja safari ndefu. Katika miaka ya 1930 wanaume walipanda kwenda Lupa, Chunya, kwenye dhahabu. Wengine walikwenda migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, na wengine migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini kupitia Wenela, jina tulilolichonga kutokana na herufi za shirika lililoandikisha watu, WNLA. Baada ya Uhuru wa 1961 serikali ya Tanganyika iliukomesha uandikishaji huo, kwa kuwa haikutaka jasho la watu wake liijenge nchi ya ubaguzi wa rangi. Jirani zetu wa Malawi waliendelea hadi Aprili 1974, ndege iliyobeba wachimbaji ilipoanguka Francistown, Botswana, na Rais Banda akasitisha.

Babu zetu basi walipanda ndege kwenda kazini kabla wengi wetu hatujazaliwa. Tofauti kubwa ni kwamba mke aliyebaki alingoja barua miezi mizima, na leo mama anakuona uso kwa uso kwenye simu na kukuambia umekonda.

"Malawi si nje."

Nusu kweli. Kwa damu na lugha, baraza limeshinda. Wangonde wa Karonga na Wanyakyusa wa Kyela husemezana bila mkalimani, na wataalamu wa lugha huziweka Kinyakyusa na Kingonde pamoja kama lugha moja. Mto Songwe wenyewe hauna utulivu. Mafuriko yameuhamisha mkondo zaidi ya mara moja, na wapo waliolala na shamba upande huu wakaamka nalo ng'ambo. Serikali mbili zimekuwa na mpango wa pamoja wa kuutuliza.

Kwa sheria, Malawi ni nje kama Ufaransa ilivyo nje. Mtanzania haombi viza, lakini anatakiwa awe na hati ya kusafiria na apite Kasumulu agongewe muhuri. Aliyevuka kwa mtumbwi kwa sababu shangazi yake yuko ng'ambo bado amevuka mpaka, na siku akipata ajali au akikamatwa na mzigo, ushangazi hautamsaidia.

Saa nayo hubadilika. Ikiwa saa tatu asubuhi Kasumulu, ng'ambo ya daraja ni saa mbili. Na kuanzia mwisho wa Machi hadi mwisho wa Oktoba, saa ya Karonga na saa ya Berlin ni ileile kabisa. Miezi hiyo nikimpigia binamu yangu wa Karonga hatuhesabu vidole. Nikimpigia mama Kyela, kilomita chache tu kutoka kwa binamu, ndipo naongeza saa moja.

Sasa makaratasi, upesi upesi.

"Kadi ya njano ikifika miaka kumi imekufa." Si kweli. Tangu 11 Julai 2016, chini ya kanuni za afya za kimataifa, chanjo ya homa ya manjano inatambuliwa kwa maisha yote ya aliyechanjwa, hata kama kadi yako ya zamani imeandikwa miaka kumi. Usikubali kulipishwa sindano ya pili kwa sababu hiyo tu. Itunze kadi isilowe.

"Nimepata viza ya Schengen ya mwaka mmoja, nitakaa mwaka." Si kweli, na kosa hili huwagharimu watu. Viza ya matembezi ya mwaka mmoja inakuruhusu kuingia na kutoka ndani ya mwaka huo, lakini siku za kukaa hazizidi 90 katika kila siku 180. Ukipitiliza, ombi lako linalofuata huenda likakataliwa. Ada ya ombi, yuro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, hairudishwi hata ukinyimwa.

"Pasipoti ni roho yako, usimwachie mtu." Kweli tupu, na nawainulia kofia wazee walioisema kabla ya mawakala wa ajira kujaa mitandaoni. Pasipoti ya Tanzania ni mali ya serikali ya Tanzania; wewe umekabidhiwa uitumie, na mwajiri hana haki nayo. Hata katika nchi za Ghuba, ambako vijana wetu wengi huambiwa kwamba tajiri kukaa na pasipoti "ndiyo utaratibu", sheria zinasema vingine. Qatar kwa mfano iliandika katika sheria namba 21 ya 2015 kwamba mwajiri akishamaliza taratibu za ukaazi amrudishie mfanyakazi pasipoti yake. Wakala anayeitaka ukiwa bado Kyela, kabla hujaona mkataba, mwombe muda, kisha usirudi kwake. Piga picha ya ukurasa wenye sura yako na uiache kwa mtu nyumbani.

"Huruhusiwi kuingiza Ulaya chakula chochote cha nyumbani."

Si kweli, na hii ndiyo hadithi niliyofurahi zaidi kuiangusha, maana imewanyima watu mlo mwingi mzuri. Nimeona msafiri akiacha usipa wake uwanja wa ndege kwa hofu tu.

Kanuni za Umoja wa Ulaya hutenga vyakula kwa makundi, na samaki wamependelewa. Msafiri anaweza kuingiza samaki kwa matumizi yake mwenyewe hadi kilo 20, au samaki mmoja akiwa anazidi uzito huo. Awe amekaushwa, amepikwa, amechumviwa au amekaushwa kwa moshi. Akiwa mbichi lazima atolewe utumbo. Usipa mkavu na mbasa wa moshi basi wana njia. Ukiwafunga vizuri, mara tatu, hata jirani yako wa kiti hatajua.

Kwa matunda na mboga mbichi, tangu 14 Desemba 2019 karibu kila kitu kinadai cheti cha afya ya mimea, isipokuwa matunda matano: nanasi, nazi, duriani, tende na ndizi. Narudia, ndizi. Mnyakyusa anayetamani mbalaga anaweza kubeba ndizi zake mbichi begini bila cheti. Embe na parachichi la Rungwe, hapana. Mchele mweupe uliokwisha kukobolewa haumo katika vinavyodai cheti hicho. Mbegu za kupanda zimo. Asali ni hadi kilo 2.

Kinachokatazwa kabisa ni nyama na maziwa, pamoja na vyote vitokanavyo navyo. Nyama ya mama iliyokaushwa kwa mapenzi yote itatupwa, na unaweza kutozwa faini ukiificha. Haya ni ya Umoja wa Ulaya peke yake. Uingereza, Marekani na Ghuba wana yao, kwa hiyo soma ya nchi uendayo kabla ya kufunga begi.

"Akikaa sana huko anasahau lugha."

Si kweli kwa mtu mzima. Kwa mtoto mdogo ni kweli, tena kwa kiasi kinachoogofya.

Mwaka 2003 watafiti wa Ufaransa wakiongozwa na Christophe Pallier waliwapima watu wazima waliozaliwa Korea wakachukuliwa na familia za Kifaransa wakiwa na umri wa miaka mitatu hadi minane. Walipowekewa sentensi za Kikorea hawakuzitambua zaidi ya Wafaransa wa kawaida, na hata picha za ubongo hazikuonyesha alama ya lugha ile ya utotoni. Mtoto wa miaka minane, aliyekuwa anaongea na kuimba, lugha yote ilikuwa imezama.

Aliyeondoka Kyela na miaka 25 hapotezi hivyo. Maneno humchelewa, anachanganya, anatafuta jina la kitu kilichoko mbele ya macho yake, lakini wiki mbili za sokoni humrudishia. Asipoitikia salamu ya bibi yake, msimtafutie sababu kwenye ubongo.

Kwa hiyo ombi langu nalielekeza kwa wazazi wenzangu walio nje. Simu ya bibi kila Jumapili iwe ya Kinyakyusa au Kiswahili, mtoto naye akae karibu. "Ndaga fijo" moja kwa wiki haimtoshi mtoto, lakini kimya kitamaliza hata hiyo.

"Mtoto akizaliwa Ulaya si Mtanzania tena." Si kweli. Sheria ya Uraia ya 1995 inamtambua mtoto aliyezaliwa nje kuwa raia kwa kurithi ikiwa baba au mama ni raia wa Tanzania. Ila urithi huo una kikomo ambacho wengi hawakijui: mzazi ambaye yeye mwenyewe ni raia kwa kurithi hampitishii uraia mtoto atakayezaliwa nje. Binti aliyezaliwa Hamburg ni Mtanzania. Mtoto wake akizaliwa Hamburg, mlango umefungwa. Mtu mzima anayeomba na kupewa uraia wa nchi nyingine kwa hiari yake hupoteza wa Tanzania, na mwenye uraia wa nchi mbili tangu utotoni hutakiwa kuchagua akifikia utu uzima. Familia zilifikirie hili mapema, si siku ya kugawana mashamba.

"Ziwa letu halina kichocho." Si kweli, japo limesemwa kwa miaka mingi pande zote za Ziwa Nyasa. Mwaka 1992 Wamarekani wawili waliokuwa wakijitolea Malawi walipata kichocho kilichoshambulia mfumo wa fahamu baada ya kuoga ziwani, na uchunguzi uliofuata ulikuta wageni wengi wameambukizwa bila kujua. Konokono wanaobeba ugonjwa hupenda maji yaliyotulia yenye majani, na samaki wanaowala konokono hao wamevuliwa mno. Ogelea Matema, ni pazuri mno usijinyime, lakini baada ya miezi miwili au mitatu pima. Dawa ipo, prazikwanteli.

"Ukikaa Ulaya miaka miwili, malaria ya Kyela itakupiga kama mgeni."

Kweli tupu. Bibi alinitandikia chandarua kipya usiku wa kwanza, nami nikamwambia nimekulia hapahapa. Bibi ndiye aliyekuwa na sayansi upande wake.

Anayekua Kyela, kwenye joto, mvua nyingi na majaruba ya mpunga, huumwa na mbu wenye vimelea mara nyingi tangu utotoni. Mwili wake hujenga kinga ya sehemu: haimzuii kuambukizwa, ila humpunguzia makali. Kinga hiyo inadumu kwa kukumbushwa. Ukihamia mahali pasipo na malaria, mwili unaacha kukumbushwa, na miaka ikipita kinga hupungua. Mtoto wako aliyezaliwa ugenini hana hata chembe yake.

Uingereza hupokea wagonjwa wa malaria kutoka nje kila mwaka, na wengi wao ni watu wenye asili ya Afrika waliokwenda kuwaona ndugu. Watalii wa Kizungu hunywa dawa za kinga kwa sababu wanaogopa. Sisi hatunywi kwa sababu tunakwenda kwetu.

Mwone daktari wiki kadhaa kabla ya safari, akuandikie dawa ya kinga inayokufaa, na uimalize mpaka siku aliyokuambia hata ukiwa umesharudi. Lala ndani ya chandarua cha bibi. Na ukishafika Ulaya homa ikakushika, hata ikiwa imepita miezi mitatu, nenda hospitali siku hiyohiyo, na sentensi ya kwanza umwambie daktari iwe hii: nimetoka Kyela, kuna malaria, nipime.